Mbalamwezi na Kazi ya Kichwa

Ukifika mwaloni Kirumba, jijini Mwanza, katika siku za mbalamwezi, utakuta pilikapilika za dagaa zimepungua. Sababu wanaijua hata watoto. Dagaa wa Ziwa Victoria huvuliwa usiku kwa taa, na taa haina ubavu mbele ya mwezi mpevu. Kwenye giza samaki hawa wadogo hupanda juu na kukusanyika palipo na mwanga. Mwezi ukiangaza ziwa zima, hawana haja ya kuifuata taa ya mtu. Zamani ilikuwa karabai, siku hizi ni taa za betri na sola, lakini mwezi ni uleule. Unapokaribia kujaa, mitumbwi mingi ya dagaa hupandishwa mchangani, na watu waliokuwa wakikesha mfululizo huanza kulala usiku kama majirani zao.

Tazama wanachofanya mchana wa siku hizo. Mmoja ameketi kivulini, wavu umemfunika magoti, kidole gumba cha mguu kimeuvuta uzi, sindano inaingia na kutoka kwenye matundu bila yeye kuiangalia sana. Mwenzake anakalafati mtumbwi, anasukumia pamba kwenye maungio ya mbao kwa patasi na nyundo, kidogo kidogo. Wanapiga soga, wananyamaza, wanaanza tena. Ukikaa nao vya kutosha utamsikia mmoja akisema, bila kuulizwa na mtu, kwamba taa ingetulia zaidi juu ya maji kama boya lake lingefungwa hivi na si vile. Mazungumzo ya namna hiyo huyasikii usiku wa kuvua. Usiku wa kuvua kila mtu anavuta kamba.

Kwa sisi tunaofuatilia namna akili inavyobuni, siku hizo zina jambo ambalo wauzaji wa semina za ubunifu hulipita haraka. Wavuvi wale hawajaacha kazi. Wameacha sehemu yake moja, ile inayomaliza macho na misuli, na kichwa bado kiko ziwani. Niseme mapema ninachokiamini: pumziko linalozaa wazo ni lile linaloikuta kazi haijaisha. Anayepumzika bila swali lolote kichwani hupata nguvu mpya, na hilo si haba, lakini asitarajie wazo jipya limfuate kwenye mawe ya ufukweni, Capri Point.

Mwaka 1926 Mwingereza Graham Wallas aliigawa kazi ya ubunifu katika hatua nne: kujiandaa, kuatamia, kupata mwanga, kisha kuhakiki. Alimtegemea sana Henri Poincaré, mwanahisabati Mfaransa, ambaye mwaka 1908 alieleza jinsi jibu la swali lililokuwa likimsumbua lilivyomjia ghafla alipokuwa akipanda gari la abiria katika mji wa Coutances, akiwa matembezini na hana habari kabisa na hisabati. Watu hupenda kusimulia lile gari. Husahau kwamba kabla yake kulikuwa na wiki mbili za kukaa mezani kila siku na kushindwa, na kwamba baada yake Poincaré alirudi nyumbani akakaa kuhakiki.

Katika kuatamia huko, usingizi ndio tunaoufahamu vizuri zaidi. Mwaka 2004 watafiti wa Lübeck, Ujerumani, waliwapa watu mafumbo ya tarakimu yenye njia ya mkato iliyofichwa, wasiwaambie kuwa ipo. Waliorudia mafumbo hayo baada ya kulala saa nane waliigundua njia hiyo kwa kiwango cha karibu asilimia 60; waliokaa macho kwa saa hizohizo, usiku au mchana, hawakufika hata asilimia 25. Wote walikuwa wamefanya mazoezi kabla. Wengine walilala usiku mzima bila kupewa mazoezi hayo kwanza, na usingizi wao haukuwasaidia kuiona njia ya mkato. Hapo naona hoja yangu imepigwa muhuri.

Mwaka 2021 kikundi cha Paris kilirudi kwenye fumbo la namna hiyo kwa udadisi mwingine. Inasimuliwa kwamba Thomas Edison alikuwa akisinzia kitini ameshika kitu mkononi. Kikianguka, mlio humwamsha na wazo lililompitia. Watafiti wakawakalisha watu chumba chenye giza, kila mmoja ameshika kikombe. Walioingia kwenye ule usingizi mwepesi wa mwanzo, hata kwa sekunde 15 tu, walilifumbua fumbo kwa asilimia 83. Waliokaa macho walipata asilimia 30. Waliozama usingizini zaidi waliambulia 14. Mzee anayesinzia kwenye kiti cha uvivu baada ya chakula cha mchana, na kumkatalia kila mtu kwamba alilala, huenda ana hoja kuliko tulivyodhani.

Lakini tusiugeuze usingizi kuwa mashindano ya saa. Kusini-mashariki mwa Mwanza, kando ya Ziwa Eyasi, wanaishi Wahadzabe, na usingizi wao umepimwa kwa vifaa vinavyovaliwa mkononi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015, uliowachunguza wao pamoja na Wasani wa kusini mwa Afrika na Watsimane wa Bolivia, ulikuta watu wakilala kwa wastani wa saa 5.7 hadi 7.1 kwa usiku, na usingizi wa mchana haukuwa wa kila siku hata kidogo. Hawakulala jua lilipozama; walikaa zaidi ya saa tatu gizani wakiota moto na kuongea. Kilichokuwa imara ni utaratibu, kwa kuwa waliamka karibu wakati uleule, jua likiwa bado au ndiyo kwanza linachomoza.

Kwa upande huo mkazi wa Mwanza ana bahati ambayo hailipii kodi. Mji uko nyuzi mbili na nusu hivi kusini mwa ikweta, na jua huchomoza kati ya saa 12 na nusu na saa moja asubuhi mwaka mzima. Saa ya mwili, ambayo wagunduzi wa utendaji wake walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2017, hurekebishwa na mwanga wa asubuhi kuliko kitu kingine chochote. Mtu wa Oslo anaupigania mwanga huo miezi kadhaa ya mwaka. Wa Igoma anahitaji kufungua mlango tu.

Mvuvi wa dagaa yeye anaivunja saa hiyo kila mwezi, na nisingependa maisha yake yasomeke kama shairi. Kulala mchana chini ya bati ni kulala nusu. Kazi za usiku, hasa zile zinazobadilishabadilisha zamu, zina madhara yanayojulikana, na tangu mwaka 2007 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani limeziweka katika kundi la mambo ambayo huenda yanasababisha ugonjwa huo. Kwa hiyo siku za kwanza za mbalamwezi ni za kulipa deni la usingizi. Mawazo ya boya na taa, yakija, huja deni likishapungua. Anayechukua likizo ya siku mbili baada ya miezi ya kukesha, kisha akalalamika kwamba hakupata wazo lolote, ameondoka katikati ya malipo.

Nchi kavu, Usukumani, mwendo huo wa kazi na pumziko huongozwa na mvua na jembe. Mavuno yakishaingia ghalani, kuanzia Juni hadi Agosti, huwa ni msimu wa mashindano ya ngoma. Bagika na Bagalu, jumuiya mbili ambazo kwa masimulizi ya Wasukuma zilianzishwa na Ngika na Gumha, wachezaji wa karne ya 19, hukutana siku moja, uwanja mmoja, na kucheza kwa wakati mmoja. Hakuna jaji mezani. Kila upande unavuta watazamaji, na umati ukihamia kwa wenzako umeshindwa. Pale Bujora, Kisesa, kituo alichokianzisha Padri David Clement, Mkanada, katika miaka ya 1950, sherehe za Bulabo bado hufanyika kila mwaka karibu na sikukuu ya Ekaristi. Huko kuna wanaocheza na chatu, wanaocheza na nungunungu, na wa bugobogobo wanaorusha majembe hewani na kuyadaka.

Ukiwa mbele ya umati unaoweza kukupa kisogo dakika yoyote, lazima uje na jipya. Jipya hilo halitungwi Juni. Manju, au ningi kama Wasukuma wanavyomwita, hubeba nyimbo zake kwa miezi, na sehemu kubwa ya miezi hiyo yuko shambani. Bugobogobo yenyewe ilitokana na kulima kwa pamoja, ngoma ikipigwa ili majembe yapande na kushuka kwa mpigo mmoja. Ngoma hufanya kazi mbili. Inamzuia mwenye pupa asijimalize kabla ya saa nne, na inauachia ubongo nafasi, kwa sababu mkono ukishashika mpigo hauhitaji tena kuamriwa. Tangu mwaka 2001 tunao ushahidi mzuri, kutoka kwa Marcus Raichle na wenzake wa Marekani, kwamba kuna sehemu za ubongo zinazofanya kazi zaidi mtu anapokuwa hana jukumu mahususi la kufikiria. Ubongo huo unazurura: unaunganisha la jana na la mwaka juzi.

Je, kulima ndiko kunakoleta wimbo? Sayansi inajibu kwa tahadhari. Jaribio la mwaka 2012 lilidai kwamba kazi nyepesi inayoruhusu akili kuzurura husaidia kuliko kukaa bure, likashangiliwa sana; waliolirudia mwaka 2021 hawakupata matokeo yale. Matembezi yamesimama imara zaidi. Katika majaribio ya Stanford yaliyochapishwa mwaka 2014, waliotembea walitoa mawazo mapya zaidi kwa karibu asilimia 60 kuliko walioketi, hata pale walipotembea kwenye mashine ndani ya chumba wakiutazama ukuta. Ila mafumbo yenye jibu moja tu sahihi hayakunufaika na kutembea. Ukipiga hesabu za duka, keti.

Ng'ambo ya ghuba, kisiwani Ukerewe, pana swali ambalo sijawahi kulipatia jibu la kuniridhisha: imekuwaje kisiwa kimoja kikatoa waandishi watatu wa riwaya wenye uzito ule? Aniceti Kitereza, aliyezaliwa mwaka 1896, alimaliza kwa Kikerewe mwaka 1945 riwaya yake ndefu ya Myombekere na Bugonoka, akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, ikachapishwa mwaka 1980. Mwaka 1981 akafariki. Euphrase Kezilahabi alizaliwa Namagondo mwaka 1944, na Rosa Mistika ikatoka mwaka 1971. Wa tatu ni Gabriel Ruhumbika, ambaye pamoja na riwaya zake aliitafsiri ile ya Kitereza kwa Kiingereza.

Ni rahisi kusema kisiwa kina utulivu, ndiyo sababu. Sikubaliani. Visiwa vyenye utulivu ni vingi. Na ile miaka 35 ya Kitereza kumngojea mchapishaji haikuwa pumziko. Ilikuwa dhuluma kwa mzee. Ninachokiona ni kwamba hawa hawakuwa na mwendo mmoja. Kitereza anakwenda polepole hadi ndani ya sentensi: safari, maamkizi, kutengeneza pombe ya ndizi, kuuguza mgonjwa, kila kitu kinapewa saa zake. Kezilahabi anakata, anaruka, na alikuwa na miaka 27 tu kitabu chake cha kwanza kilipotoka. Lakini tazama alikompeleka msomaji: Namagondo. Aliyaacha mambo ya nyumbani yakae ndani yake akiwa mbali nayo, na umbali nao ni aina ya pumziko.

Juni 19, 2025 Daraja la Kigongo–Busisi lilifunguliwa rasmi, kilomita tatu juu ya maji. Wasafiri waliokuwa wakisubiri kivuko, pengine saa mbili nzima, sasa huvuka kwa dakika chache. Hakuna mwenye akili timamu atakayelilia foleni ile. Mgonjwa aliyekuwa akikimbizwa hospitali ya Bugando anajua thamani ya daraja. Ila saa zile zilikuwa na nafasi tupu ndani yake, na sehemu ya nafasi hiyo ilikwishaliwa kabla nguzo ya kwanza haijasimama. Iliyoila ni simu. Kijana anayesubiri basi Buzuruga leo hazururi kichwani hata kwa dakika moja. Anatazama video fupi moja baada ya nyingine. Mwili umepumzika, jicho na sikio viko zamu. Kwa ubunifu hiyo ni hasara kuliko kazi, maana kazi angalau humwachia mtu swali.

Hapo ndipo pa kuanzia kwa anayetunga, anayechora, anayebuni nguo au anayeandaa somo la kesho. Fanya sehemu ngumu asubuhi, kabla ya joto na kabla ya kuwasha data. Iache katikati, mahali unapojua kinachofuata. Tembea kwa miguu sehemu ya njia ya kurudi nyumbani, simu ikiwa mfukoni. Usiku soma tena ulichokwama nacho, mara moja tu, kisha ulale saa ileile ya jana. Wanafunzi wa kidato cha nne wanaokesha wiki ya mtihani wanafanya kinyume cha yote hayo, na walimu wao huwasifu.

Nasema hivi nikijua kwamba ratiba ni mali, na si kila mtu anayo. Mbalamwezi ikimrudisha mvuvi kitandani, mkewe aliyekuwa akianika dagaa kwenye vichanja naye hukosa mzigo wa kuanika, lakini maji, kuni, chakula na watoto haviangalii mwezi. Pumziko lake ni la vipande vya dakika kumi, na kila kipande kina mtu anayemwita. Anayefundisha ushonaji au usindikaji wa samaki kwa vikundi vya kina mama huku ziwani, na anayelalamika kwamba wanaiga bidhaa zilezile badala ya kubuni, aangalie kwanza ratiba ya mafunzo yake: kwa kawaida yanaanza saa nne asubuhi, mama ameshafanya kazi saa tano, na yanaisha siku hiyohiyo. Yagawe siku mbili, usiku mmoja katikati, na waachie swali la kwenda nalo nyumbani.