Bolti Haishindwi kwa Ubabe

Nyamiaga, wilayani Ngara, iko zaidi ya kilomita 1,000 kutoka bandari ya Dar es Salaam. Mashine ya kusaga ikisimama huko, akina mama hujitwika debe la mahindi hadi kijiji cha pili. Visiwani nako, injini ikizimika mashua haitoki. Hivyo gasketi inayovuja yafaa ibadilishwe papo hapo, na wenyeji wenyewe.

Adui wa kwanza ni bolti iliyoshikwa na kutu. Injini ikishapoa, bolti isafishwe, ilowekwe mafuta usiku kucha, igongwe taratibu kwa nyundo, kisha ifunguliwe kwa spana ya pete: ilegezwe kidogo, ikazwe, ilegezwe tena. Ikikatikia ndani, kazi ndogo hugeuka gharama kubwa.

Gasketi kuukuu ikwanguliwe bila kuchubua chuma. Mpira wa tairi usitumiwe, kwani mafuta huuharibu. Bolti za kichwa cha injini zikazwe kwa awamu, kutoka katikati kwenda pembeni.

Kujitegemea kulikotangazwa Arusha mwaka 1967 hakukuwa maneno matupu. Ndugu viongozi, mnapopeleka mashine vijijini, pelekeni pia spana na mafunzo. Mashine bila spana ni pambo.