Bei za Farasi na Hesabu Iliyojificha

Katika viwanja vya mbio za farasi vya Uingereza, mpokea dau hutangaza bei ya kila farasi: “tatu kwa moja”, “nne kwa moja”. Aliyeweka pauni 1 kwa bei ya tatu kwa moja, farasi wake akishinda, hulipwa faida ya pauni 3 na kurudishiwa pauni yake. Wengi hudhani kwamba bei hiyo ni kipimo halisi cha uwezekano wa kushinda, yaani 1 katika 4. Hapo ndipo wanapopotoka.

Chukua mfano wa farasi wanne. Wa kwanza ana bei ya sawa kwa sawa, wawili wana tatu kwa moja, na wa mwisho nne kwa moja. Kwa asilimia, bei hizo ni 50, 25, 25 na 20. Jumla ni 120, ilhali uwezekano wote hauzidi 100! Mtu akiweka pauni 50, 25, 25 na 20 kwa mfuatano huo, atapokea pauni 100 farasi yeyote ashindapo. Pauni 20 zimekwisha kupotea kabla farasi hawajaondoka.

Mnamo 1867, mjini Paris, Joseph Oller alianzisha utaratibu mwingine. Madau yote hutiwa katika mfuko mmoja, mwendeshaji hukata fungu lake, na salio hugawiwa washindi. Hapa pia wachezaji, kwa jumla yao, hupokea pungufu ya walichotoa. Mwaka 1913 kazi ya kujumlisha madau hayo ilikabidhiwa mtambo wa George Julius huko Ellerslie, Auckland; awali mhandisi huyo aliukusudia uhesabu kura.