Kulitambua Bomu la Mkono la Skandinavia

Mabomu ya mkono ya Uswidi, Norwei na Denmark ni adimu kwa sababu nchi hizo zimepigana vita vichache. Uswidi ilipigana vita yake ya mwisho mwaka 1814. Denmark haikushiriki Vita Kuu ya Kwanza, na Ujerumani ilipoivamia tarehe 9 Aprili 1940, ilisalimu amri siku hiyohiyo. Silaha zilikaa ghalani mpaka zikapitwa na wakati, kisha zikateketezwa au kuishia kwenye chuma chakavu. Ufini, ambayo wakusanyaji huijumuisha humu ingawa kijiografia si Skandinavia, ina hadithi nyingine: ilipigana na Umoja wa Kisovieti, ikatumia mabomu yake pamoja na yale iliyoyateka.

Jina linalotajwa mapema katika fani hii ni la Mnorwei Nils Waltersen Aasen, aliyezaliwa mwaka 1878. Bomu lake lilikuwa na uzi mrefu uliojikunjua likiwa angani na kuvuta pini ya usalama, hivyo halikuwa tayari kulipuka mpaka lifike mbali na aliyelitupa. Ufaransa ililitumia katika Vita Kuu ya Kwanza. Chuma hudumu ardhini, lakini uzi huoza. Kwa hiyo linalobaki kwa kawaida ni ganda lisilo na uzi, na lililo kamili hupatikana kwa nadra sana.

Utambuzi huanza na maandishi, si umbo, maana majeshi yaliigana mno. Herufi m au M, mkwaju na tarakimu mbili huonyesha mwaka ambao mtindo ulipokelewa jeshini, wala si mwaka wa kutengenezwa. Tahajia nayo husema mengi. Herufi ä na ö ni za Kiswidi na Kifini. Æ na ø ni za Kidenmark na Kinorwei. Neno "Haandgranat" lenye aa badala ya å ni la Denmark kabla ya 1948, mwaka ambao herufi å iliingizwa rasmi huko, au la Norwei kabla ya 1917. Kwa macho makali, herufi moja tu yaweza kutenga nchi mbili na miongo mitatu. Ziko pia alama za mali ya jeshi: mataji matatu kwa Uswidi, H yenye 7 chini ya taji kwa Norwei ya Mfalme Haakon VII (1905–1957), na SA ndani ya kisanduku kwa Ufini.

Mahali bomu lilipookotwa ni ushahidi dhaifu. Mabomu ya Kijerumani yenye mpini hupatikana Norwei kwa sababu Wajerumani waliikalia hadi 1945, na yale ya Mills ya Uingereza yaliletewa wapiganaji wa siri. Siku hizi polisi wa Uswidi hukamata sana bomu la M75, lakini hilo lilitengenezwa Yugoslavia na huingizwa kwa magendo. Muuzaji anayeliita la Kiswidi ama hajui, ama anadanganya.

Umri haupozi baruti. Asidi ya pikriki, iliyotumika sana zamani, ikigusana na metali kwa miaka mingi hufanya chumvi zinazoweza kulipuka kwa mshtuko mdogo. Rangi ya buluu, ambayo katika majeshi ya NATO huashiria zana za mazoezi, haithibitishi kwamba bomu ni tupu: fyuzi yake yaweza kuwa na kilipuzi. Mkusanyaji makini hununua tu lililokwisha kutolewa baruti na wataalamu na lenye hati, baada ya kuuliza sheria za nchi yake. Anayetaka kujifunza tu anaweza kuanzia Armémuseum mjini Stockholm au Forsvarsmuseet mjini Oslo. Anayeliokota bomu shambani asiligeuze wala kulisugua kutafuta maandishi. Aliache hapo lilipo, aweke alama kwa mbali na awaite polisi.