Wazigua wa Mto Juba na Majina Waliyopewa

Huko Columbus, Ohio, na Boise, Idaho, nchini Marekani, ziko familia zinazoyaita maji "mazi". Walitoka Somalia, lakini kwa Kisomali maji ni "biyo". "Mazi" ni neno la Wazigua wa Handeni, mkoani Tanga. Watu wa familia hizo hawakuzaliwa Tanga, wala wazazi wao, wala babu zao. Walioondoka ni mababu wa mababu zao, yapata miaka 190 iliyopita, na neno hilo likasafiri nao.

Habari yao naisimulia kwa sababu tumezoea kuuona utumwa kama jambo lenye mwanzo na mwisho: mtu anakamatwa, anauzwa, kisha sheria inakuja na kumwachia huru. Tukiwafuata Wazigua hawa hatua kwa hatua, tutaona kwamba minyororo ilikatika mapema sana. Kilichobaki kikiwatesa ni jina.

Tuanze na njaa. Katikati ya miaka ya 1830 mvua zilikatika Uzigua, nchi iliyo baina ya Mto Pangani na Mto Wami. Zamani zile mtu aliyeishiwa chakula aliweza kumweka ndugu yake rehani kwa mwenye nafaka, kwa nia ya kumkomboa mavuno yakija. Njaa ilipozidi, mavuno hayakuja na rehani hazikukombolewa. Masimulizi ya wazee wa Juba yanaongeza jambo jingine: wengi walipanda majahazi kwa miguu yao wenyewe, wakiwa wameahidiwa kazi na chakula ng'ambo, na walipofika ndipo wakajua kuwa wameuzwa. Nalitazama hilo kwa makini. Mtu aliyekamatwa kwa bunduki hujua adui yake ni nani. Aliyedanganywa akiwa na njaa hubeba mzigo wa ziada, kwa sababu hujiuliza maisha yake yote kama angeweza kukataa.

Majahazi yalielekea kaskazini, pwani ya Benadir, penye miji ya Barawa, Merka na Mogadishu. Nyuma ya miji hiyo, kandokando ya Mto Shabelle, mashamba ya mtama, ufuta na pamba yalikuwa yakipanuka, na mazao yake yakisafirishwa hadi Uarabuni na Unguja. Mashamba yalihitaji mikono, na wafugaji wenye nchi hawakutaka kushika jembe. Mzigua, mkulima toka kuzaliwa, akawa bidhaa iliyopata soko.

Lakini hawakukaa sana. Ndani ya miaka michache, mnamo miaka ya 1840, makundi ya Wazigua yalitoroka na kushika njia ya kusini kurudi kwao. Wanaosimulia humtaja mwanamke mwonaji, Wanankhucha, kuwa ndiye aliyewaongoza. Walipofika bonde la Mto Juba safari ikakomea hapo. Mbele yao palikuwa na nchi kavu na watu wasiowajua, na hapo mtoni palikuwa na maji, udongo mweusi na msitu mnene. Msitu huo ulikuwa na mbung'o, na mbung'o huua ng'ombe, kwa hiyo wafugaji waliuogopa. Mdudu huyo aliwalinda kuliko boma lolote. Wasomali wakaiita nchi ile Gosha, yaani msituni.

Baadaye wakafika watoro wengine: Wayao, Wamakua, Wanyasa, Wazaramo. Mmoja wao, Nassib Bunda, aliinuka kuwa kiongozi mkubwa wa Gosha, akashughulika na Sultani wa Unguja na baadaye na Waitalia, ambao mwishowe walimfunga, akafia gerezani. Katika vizazi vilivyofuata, wengi wa Wayao na Wamakua waliacha lugha zao, ila Wazigua walibaki na yao, Chizigula. Maelezo yake, kwa maoni yangu, yamo katika namna walivyoondoka kwao. Myao alikamatwa mmojammoja na kuuzwa mkono kwa mkono, hadi akawa hana wa kusema naye. Wazigua waliondolewa na njaa moja, kwa wakati mmoja, ndugu na ndugu, na wakatoroka pamoja. Lugha hukaa pale penye watu wawili wanaoelewana.

Ukoloni ukawakuta mtoni. Katika miaka ya 1930 Waitalia walihitaji vibarua wa mashamba ya ndizi na pamba, na wafugaji hawakukubali. Askari wakaenda kwenye vijiji vya Gosha, wakawaswaga watu hadi mashambani, na mkulima akaliacha shamba lake likimea magugu ili akalime la mgeni. Wagosha waliuita wakati ule kolonya. Uliisha mwaka 1941, Waingereza walipowashinda Waitalia. Mtu ambaye babu yake alitoroka utumwa alifanyishwa kazi ileile, jua lilelile, na serikali iliyodai kuwa imeukomesha utumwa.

Uhuru wa Somalia ulikuja mwaka 1960 na wao wakawa raia kwenye karatasi. Mitaani waliendelea kuitwa "adoon", mtumwa, au "jareer", wenye nywele ngumu. Majina hayo yalikuwa na kazi. Anayeitwa mtumwa humwozeshi binti yako, na anapoporwa shamba, koo kubwa haziinuki kumtetea. Sheria ya ardhi ya mwaka 1975 iliifanya ardhi yote kuwa ya serikali na kumtaka kila mkulima aandikishe shamba lake. Wenye elimu na jamaa maofisini walijiandikishia ardhi ya bonde, na aliyeilima tangu enzi za babu akawa mvamizi.

Januari 1991 serikali ya Rais Siad Barre ilipoanguka, kila ukoo ulikimbilia bunduki zake. Wakulima wa mtoni hawakuwa na wanamgambo, ila walikuwa na maghala ya nafaka. Wanamgambo wa kila upande walipita kwao kuchukua chakula, na njaa iliyofuata iliwaua kwa wingi mno. Walionusurika walitembea hadi kambi za wakimbizi za Dadaab, Kenya. Huko nako walikutana na majirani wale wale na matusi yale yale. Ndipo mashirika ya misaada yakawapa jina jingine, "Wabantu wa Kisomali", wasilowahi kujiita kabla ya hapo. Kuanzia mwaka 2003 Marekani ilipokea zaidi ya elfu kumi kati yao.

Wengine hawakwenda Marekani. Walipanda vyombo vya baharini kuja kusini, njia ileile kwa mwelekeo wa kinyume, wakashuka Tanzania na kuomba kupelekwa Handeni. Wenyeji waliposikia lugha yao walielewa, ingawa iliwajia kwa lafudhi ngeni. Serikali iliwapa makazi ya Chogo, huko huko Handeni, na zaidi ya elfu moja wamepewa uraia wa Tanzania.

Kule Juba watoto walifundishwa ukoo wao na jina la nchi waliyotoka, kizazi baada ya kizazi, bila kitabu. Upande wetu sisi tuliobaki, shuleni tunasoma tarehe za kufungwa kwa masoko ya watumwa, wala hatuambiwi ni nani aliyetoka kijiji gani asirudi. Kama una mzee wa Handeni, Kilindi au Pangani, kaa naye umuulize ni akina nani katika ukoo wenu waliopanda jahazi mwaka wa njaa. Akikutajia jina, liandike.