Gurudumu la Maji na Usagaji wa Nafaka: Tathmini ya Mazingira ya Kaloleni, Arusha

Makala haya yanafafanua namna gurudumu la maji linavyoendesha kinu cha nafaka, na kupima iwapo lingefaa Kaloleni, kata ya Jiji la Arusha, ambako mahindi husagwa kwa mashine za umeme ilhali mito ya Naura na Themi inateremka kutoka Mlima Meru na kupita jijini.

Katika Afrika Mashariki, mfano ulio wazi ni wa Kenya ya kati, ambako wakulima Wakikuyu walijenga vinu vya maji kandokando ya mito katika miaka ya 1920 na 1930. Kwenye miteremko ya Meru, Waarusha na Wameru walikuwa tayari na nusu ya ufundi huo, yaani banio na mfereji, ila waliuelekeza mashambani.

Gurudumu ni la aina kuu mbili: linalosukumwa na mkondo kwa chini, na linalomwagiwa maji kwa juu. Mwaka 1759 John Smeaton alionesha kwa majaribio kuwa la pili lina ufanisi wa takribani mara mbili ya la kwanza. Nguvu hutegemea wingi wa maji na kimo cha maporomoko. Lita 50 kwa sekunde zikianguka mita 3 hutoa takribani wati 1,470. Kwa ufanisi wa asilimia 60 hubaki wati 880 hivi. Kiasi hicho hutosha jiwe la kusagia linalozunguka polepole. Mashine ya nyundo ya mtaani huhitaji kilowati kadhaa na maelfu ya mizunguko kwa dakika, ilhali gurudumu huzunguka mara chache tu. Kulifunga kwenye mashine hiyo ni kupoteza nguvu kwenye mikanda na gia.

Maji ya Meru yana floraidi nyingi katika maeneo mengi. Kasoro hiyo, inayoharibu meno na mifupa ya wanywaji, haimdhuru msagaji hata kidogo.

Kikwazo kikubwa ni kiangazi. Gurudumu halimalizi maji, lakini huukausha mto kati ya banio na mahali yanaporudishwa, na hapo ndipo mifereji ya wengine huanzia. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 hudai kibali kwa uchepushaji wa namna hiyo, na mito hii ni sehemu ya Bonde la Pangani. Kwa hiyo kinu kingelazimika kusimama katika miezi ambayo wakulima wa bondeni wanayahitaji maji kuliko wakati wowote.