Mkanda na Puli: Hesabu ya Baiskeli ya Injini

Mwaka 1902 kiwanda cha Triumph huko Coventry, Uingereza, kilichokuwa kikitengeneza baiskeli, kilitoa pikipiki yake ya kwanza. Injini yake ilikuwa ya Minerva kutoka Ubelgiji, na gurudumu la nyuma lilizungushwa kwa mkanda. Hata leo fundi wa kijijini aliye na baiskeli imara na injini ndogo ya petroli, kama ile ya kuvutia maji, aweza kufuata njia iyo hiyo. Lakini jambo la kwanza si nguvu, bali ni hesabu.

Injini ya namna hiyo huzunguka kama mara 3,600 kwa dakika. Gurudumu la inchi 26 likizunguka mara moja, baiskeli husogea mita 2 na kidogo. Kwa mwendo wa kilometa 30 kwa saa, gurudumu hilo lahitaji mizunguko 240 tu kwa dakika. Basi mizunguko ya injini haina budi kupunguzwa mara 15.

Mwenye pupa hufunga mkanda mmoja tu, kutoka puli ya inchi 2 ya injini hadi puli ya inchi 15 iliyo gurudumuni. Hapo mizunguko hupungua mara 7 na nusu tu. Mlimani injini hulemewa na mkanda huteleza. Mteremkoni baiskeli yaweza kufika kilometa 60 kwa saa. Na mwendo ukizidi mara mbili, umbali wa kusimama kwa breki huwa mara nne. Breki za baiskeli zilitengenezwa kwa mwendo wa miguu ya mtu.

Fundi mwenye busara hutia shafti ya kati kwenye fremu, ikishikwa na beringi mbili. Mkanda wa kwanza hutoka puli ya inchi 2 kwenda ya inchi 6. Wa pili hutoka puli ya inchi 3 kwenda ya inchi 15. Tatu mara tano ni 15. Puli hii kubwa yaweza kuwa rimu ya baiskeli ya mtoto, iliyofungwa barabara kwenye spoki za gurudumu la nyuma.

Puli zote zipangwe katika mstari mmoja kwa kuvuta uzi, kwani puli iliyokaa upande hula mkanda. Kisha mkanda ubonyezwe katikati kwa kidole gumba. Ukiingia kama nusu inchi, umekazwa vya kutosha. Kigurudumu cha kukazia, kilichotiwa kwenye wenzo, hufanya kazi ya klachi: kikilegezwa, injini hunguruma na baiskeli imesimama. Mafuta yasiuguse mkanda, na kifuniko cha bati kizuie nguo na vidole.

Mwisho, breki zote mbili zijaribiwe mteremkoni kabla injini haijafungwa, na mwenyewe aulize habari za leseni, usajili na bima kabla ya kuingia barabarani. Wahenga walisema: Mwenda pole hajikwai. Na fundi ahesabuye kabla ya kufunga, hajutii kazi yake.