Kengele ya Wezi Ikisumbua, Tuanze na Batri



Katika avenyu zetu za Bukavu na Goma, kengele ya kwanza ya usiku ni sufuria na filimbi. Mama akisikia mlango unavunjwa, anapiga sufuria. Jirani anaitika kwa filimbi, na kwa muda mfupi watu wote wako macho. Siku hizi nyumba kadhaa, depo na vyumba vya kushonea vimewekwa pia kengele ya umeme, ile yenye king'ora ukutani. Ni msaada mzuri. Lakini tukitembelea vikundi, tunakuta kengele zinazolia ovyo usiku, ao zilizonyamaza tangu miezi, na wenye nyumba hawajui sababu.

Kikundi kimoja cha washonaji kilisumbuliwa na kengele yake kila umeme ulipokatika. Majirani walichoka, wakasema wazi: "Hatutaamka tena." Fundi wa kwanza aliwashauri wanunue kengele mpya nzima. Fundi wa pili alipima kwanza, akabadilisha batri peke yake. Tangu siku ile kengele inanyamaza umeme ukienda, na cherehani zao zina ulinzi. Tunaandika ili mwingine asitoe feza ya kengele nzima kwa sababu ya batri moja.

Namna inavyofanya kazi

Ndani ya nyumba kuna sanduku ambalo ndilo ubongo wa kengele. Linapokea umeme wa volti 220, na ndani yake mna batri ndogo, nzito, ya risasi, iliyofungwa pande zote. Nyingi ni za volti 12 na ampea-saa 7. Umeme ukiwapo, sanduku linaijaza batri polepole. Umeme ukienda, batri inashika kazi.

Tufanye hesabu kama darasani. Kengele ikitumia ampea 0,3, tunagawanya 7 kwa 0,3, tunapata karibu saa 23. Hiyo ni kwa batri mpya iliyojaa. Batri iliyozeeka haifiki hapo.

Sasa tuangalie hali yetu. Batri ya namna hii imetengenezwa ikae imejaa siku zote, itumike mara mojamoja tu. Kwetu umeme unaweza kukosa siku mbili, ukarudi saa tatu, ukaenda tena. Batri inamalizika kabisa bila kupata muda wa kujaa, na batri ya risasi ikikaa tupu inaharibika ndani. Pale umeme unapodumu, inaishi karibu miaka 3 mpaka 5. Kwetu inaweza kufa mapema zaidi.

Kwa nini inalia umeme ukikatika?

King'ora cha nje mara nyingi kina batri yake ndogo. Kimefundishwa hivi: kikikosa nguvu kutoka kwa sanduku, kilie, maana labda mwizi amekata waya. Basi umeme ukienda, na batri ya sanduku imekufa, king'ora kinadhani waya umekatwa. Hakuna mwizi. Ni batri inayotafuta kubadilishwa.

Tupime namna gani?

Tufanye mchana, tukiwa tumewaambia majirani. Umeme uwe umekaa siku nzima ili batri ijae. Kisha tuzime disjonkta inayolisha sanduku, bila kugusa batri. Kibao cha namba kikizimika palepale ao baada ya dakika chache, batri imekufa, ao waya wake umelegea, ao fyuzi yake imeungua.

Kinachofuata ni kazi ya fundi, kwa sababu ndani ya sanduku mna volti 220. Lakini mama asimame karibu na aulize namba mbili. Ya kwanza: umeme ukiwapo, waya zinazojaza batri zina volti ngapi? Ziwe karibu 13,7. Kama hakuna kitu, ubovu uko kwenye sanduku, na batri mpya nayo itakufa. Ya pili: batri iliyojazwa, ikitolewa na kupumzika masaa machache, ina volti ngapi? Nzima ina karibu 12,7. Ikiwa chini ya 12, ibadilishwe.

Dukani tuchukue batri ya aina ileile, volti zilezile na ampea-saa zilezile. Tuipime kabla ya kulipa: ikiwa chini ya 12,5 imekaa sana bila kujazwa. Tusikubali kufungiwa batri ya gari. Sanduku halina nguvu ya kuijaza vizuri, na batri ya gari inatoa gesi inayoweza kuwaka.

Batri ikiwa nzima na kengele bado inalia bure, tuangalie jicho lililo ukutani. Buibui akitembea mbele yake, paka, kuku, ao pazia linalopeperuka mbele ya dirisha lenye jua, vyote vinaweza kuliamsha. Tuangalie pia mlango: ukilegea, sumaku inaachana na mwenzake.

Tulinde watoto

Anayegusa batri avue pete na bangili, na asiache waya mwekundu ugusane na mweusi. Batri ya zamani si kitu cha kuchezea. Risasi yake ni sumu, na inaharibu akili ya mtoto. Tusiichome, tusiivunje, tusiitupe ziwani. Tumrudishie muuzaji ao fundi anayezikusanya.

Kazi ya wiki hii

Kila kikundi chenye kengele kiandike tarehe juu ya batri yake kwa kalamu isiyofutika. Halafu kichague mama mmoja wa kuipima kila mwezi, na ripoti yake iingie katika daftari la mkutano pamoja na hesabu ya akiba. Kama king'ora kimelia bure, asubuhi twende kwa majirani tuwaambie sababu, na siku gani kitatengenezwa. Wao ndio watakaotoka usiku ule mwizi akija kweli. Na sufuria na filimbi zibaki karibu na kitanda.